Hedi ya Sufuria

15 Machi 1987, Otonglo

Mke wangu amechoka kusikia habari za injini. Leo mezani amesema, "Baba Nelima, hayo maneno ya silinda andika kwa daftari. Mimi masikio imejaa." Basi naandika. Afadhali daftari, haliniombi chumvi katikati ya maelezo.

Nianze na shida yenyewe. Nje ya nyumba, chini ya nailoni, kuna Ford Prefect ya mwaka wa hamsini na saba. Ilikuwa ya baba mkwe, Mzee Oduor wa Usenge, aliyetutoka mwaka jana. Kabla hajafa alimwita Aoko, mke wangu, akamwambia mbele ya mama yake: gari chukua wewe, bwanako anapenda vyuma. Kupenda napenda. Mimi ni mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi, na hakuna aliyenifundisha injini. Nimejifunza kwa kitabu kikuukuu kisicho na jalada, na kwa kuharibu.

Gari haliendi kwa sababu hedi imepasuka. Hedi ni kile kifuniko kizito kinachokaa juu ya silinda: chini yake moto unawaka, na ndani yake maji yanapita kuupoza. Mzee aliliendesha bila maji kutoka Bondo mpaka nyumbani kwa sababu wageni walikuwa wanamngoja. Hedi ya gari la umri huu haipatikani Kisumu, na wa Nairobi niliowauliza walicheka kwenye simu. Kwa hivyo nitaichora mwenyewe na kuimimina mwenyewe, kwa alumini.

22 Machi

Dalmas amepita akitoka kanisani. Ndiye mtoto wa kwanza wa Mzee Oduor, kaka mkubwa wa Aoko. Alilizunguka gari, akapiga teke gurudumu moja, akasema, "Mwalimu, tarehe ishirini na saba mwezi wa sita tunafanya maombi ya ukumbusho ya mzee. Hii gari ikifika Usenge na miguu yake yenyewe, ni yenu, mimi sina maneno. Isipofika, kuna mtu wa vyuma chakavu ananisumbua."

Nimempenda. Mtu anayesema masharti yake mchana kweupe ni mtu wa haki.

4 Aprili

Mvua imeanza. Nimepima chumba cha moto cha hedi ya zamani kwa sindano ya hospitali na mafuta ya taa, kila silinda peke yake. Kumbe waliobuni injini hii waliacha nafasi kubwa mno. Katika injini hii valvu ziko ubavuni mwa silinda, hazining'inii kutoka juu, kwa hivyo hedi ni bamba nene tu lenye mabonde manne upande wa chini. Bonde likiwa dogo, hewa na petroli hubanwa zaidi, na nguvu huongezeka. Likiwa dogo kupita kiasi, injini hugonga na kujivunja. Waliobuni walitaka mbano wa mara saba. Mimi nataka nane.

Nilimweleza Aoko. Alinyoosha kidole kwenye daftari.

5 Aprili

Nimechonga kielelezo cha mbao, umbo la hedi la kukandamiza mchangani ili liache nafasi ya kumiminia chuma. Kimepinda. Nimekichoma jikoni na kuanza kingine.

11 Aprili

Cha pili kimenyooka. Sina cha kulalamikia leo.

20 Aprili, Jumatatu ya Pasaka

Tumerudi kutoka Usenge. Nimeleta gunia la mchanga.

Kumimina hedi kunataka mchanga laini sana, kwa sababu kila chembe inaacha alama yake kwenye chuma. Nimezunguka Otonglo yote nikichota mchanga wa barabarani, wa mtoni, wa mafundi wa nyumba, wote una kokoto. Halafu pale ufuoni Usenge nikaona mahali wanawake wanapoanika omena, wale dagaa wa ziwani. Mchanga ule umekanyagwa na kufagiwa miaka yote mpaka umekuwa unga. Nilimtuma Aoko amwombe mama yake.

Sikuomba mwenyewe, bila shaka. Kwetu Bungoma na kwao Usenge tunakubaliana kwa jambo hili moja: mkwe na mama mkwe hawapeani mkono, hawakai karibu, hawatazamani usoni. Mama Seline alisimama mbali, amenipa mgongo, akawaambia wanawake neno kwa Kijaluo, wote wakacheka. Nilichota mchanga nikiwa nimeinamisha kichwa. Miaka kumi na miwili nimemuoa binti yake na bado mimi ni *jamwa*, mgeni asiye wa huku, na sasa jamwa mwenye gunia.

25 Aprili

Tumemimina. Shitanda, rafiki yangu mchomeleaji wa soko la Kibuye, ana tanuri la nusu pipa na feni ya kupuliza makaa. Tuliyeyusha pistoni mbovu na sufuria kuukuu zilizotoboka, pamoja na moja ya Aoko ambayo, kwa maoni yangu, ilikuwa karibu kutoboka. Njia za maji nilizifinyanga kwa mchanga uleule uliochanganywa na molasi ya kiwanda cha sukari, nikazioka mpaka zikawa ngumu.

Chuma kilipoingia, moshi ulitoka pembe zote, na Kibuye nzima ikanuka omena ya kukaanga. Paka watatu walikuja. Mama wa chai wa jirani aliuliza kama ugali uko tayari. Shitanda alicheka mpaka akaketi chini.

Hedi imetoka nzima na laini kama sabuni. Niliibeba hadi nyumbani nikiwa nimeifunga kwa koti langu.

2 Mei

Shitanda ametoboa matundu ya bolti na ya plagi. Kazi yangu ni kuusawazisha uso wa chini, maana hedi isipolala bapa kabisa juu ya injini, moto na maji hukutana. Sina mashine. Nina kipande cha kioo cha dirisha, unga wa kusagia valvu na mikono miwili. Nasugua.

5 Mei

Shule imefunguliwa. Nasugua jioni.

9 Mei

Nasugua. Nelima, binti yetu, amemwambia mwalimu wake kwamba baba anaosha chuma.

16 Mei

Imewaka.

Niandike vizuri, maana ni mara ya kwanza injini kuwaka kwa kitu nilichobuni mimi. Shitanda alizungusha hendeli mara mbili tu. Sauti ilikuwa nzito na kavu kuliko wakati wa Mzee. Aoko alitoka jikoni na mikono yenye unga akasimama mlangoni, akafuta machozi kwa kiwiko. Alisema, "Inaongea kama yeye."

Kisha nikafungua rejeta, tangi la kupozea injini, kuangalia maji. Mapovu. Yanapanda moja moja, bila haraka, kama ya chungu kinachoanza kuchemka. Maana yake moto unapenya kuingia kwenye maji. Gasketi, nadhani, ule mkeka mwembamba unaokaa kati ya hedi na injini. Nitakata nyingine.

17 Mei

Gasketi mpya. Mapovu.

19 Mei

Mvua usiku kucha, nailoni imechanika, maji yameingia kwenye kabureta. Gasketi ya tatu. Mapovu.

21 Mei

Nimekaza bolti upya kwa kufuata utaratibu wa kitabu, kuanzia katikati kwenda nje. Mapovu.

23 Mei

Nimefungua hedi na kuisugua tena juu ya kioo. Nimeifunga. Mapovu. Nimepiga teke ndoo na ndoo haikuwa na kosa.

24 Mei

Dalmas amekuja, na hakuja peke yake. Alikuwa na mtu mwenye shati la maua na kamba ya kupimia. Walipima gari urefu na upana, mimi nikiwa chini yake. Nilisikia shati la maua likiuliza, "Na injini inaguruma?" Dalmas akajibu, "Inaguruma, lakini inakunywa maji. Mwalimu bado anapika."

Nilitoka chini nikamuuliza kamba ni ya nini, na mwezi wa sita haujafika. Alicheka, akanigusa bega. "Shemeji, mtu akijiandaa ni vibaya?"

Si vibaya. Lakini sijawahi kumpimia mgonjwa jeneza naye akiwa anameza dawa. Nimeanza kumwangalia huyu mtu upya.

28 Mei

Mapovu.

30 Mei

Nimerudia mahesabu yangu. Labda mbano wa mara nane ni tamaa. Labda hedi inanyanyuka kila moto unapolipuka. Nilikuwa nasema haya kwa sauti. Aoko akasema, "Si uiache tu. Dalmas achukue, tupumzike." Nikamwambia kama baba yake angetaka Dalmas achukue angemwita Dalmas.  Kisha akasema kwamba anajua hivyo kuliko mimi, na ndiyo sababu anachoka. Tukaenda kula. Ugali ulipikwa kwa sufuria ndogo ya watoto, kwa sababu kubwa niliiyeyusha mimi, na ulipikwa mara mbili ili ututoshe.

6 Juni

Mimi ni mjinga, na nina cheti cha ualimu cha kuthibitisha.

Leo niliweka hedi juu ya jiko la makaa ipate joto, nione kama inapinda. Baada ya muda Aoko akaniita kutoka ndani, "Nani anakaanga omena?" Hakuna aliyekuwa anakaanga omena. Ile hedi ilikuwa inanuka. Paka wa jirani alikuwa ameshafika.

Nilikaa pale nikiitazama mpaka ikaniingia. Niliichukua, nikaziba njia zote za maji kwa raba na vibao, nikaacha tundu moja, nikaunga pampu ya baiskeli. Nikapaka povu la sabuni kwenye mabonde manne, nikampa Aoko pampu. Alipopuliza, sabuni ilifura. Ilifura katikati ya chuma kizima, mahali pasipo na ufa wala gasketi. Chuma chenyewe kinavuja. Kina vitundu vidogo kuliko jicho.

Mchanga ule umekunywa mafuta ya omena miaka na miaka. Chuma cha moto kilipoupata, mafuta yakageuka hewa, na hewa ikajipenyeza ndani ya chuma kabla hakijaganda. Moshi niliuona. Harufu niliisikia. Nilicheka pamoja na wengine. Na Jumanne iliyopita niliwafundisha darasa la saba kwamba kitu kikipashwa moto hutoa gesi na gesi hutafuta njia. Nilikata gasketi kwa majuma matatu kutibu ugonjwa wa mchanga.

Aoko alishika pampu, akaanza kucheka polepole. Nikamwambia si jambo la kuchekesha. Akasema, "Nisicheke vipi, na mchanga ni wa kwetu." Kisha tukacheka wote, na mimi nilikuwa karibu kulia.

8 Juni

Shitanda anasema tunaweza kuyeyusha hedi mbovu, lakini nusu yake itakuwa takataka ya kuenguliwa. Tunahitaji alumini nyingine safi. Nimezunguka Kibuye. Wauza vyuma wameshapeleka mzigo wao kiwandani. Mchanga nimepata, wa mto Kibos, nimeuchekecha kwa kitambaa cha neti mpaka mikono imekufa ganzi.

Aoko amekwenda Usenge kusaidia kupanga maombi.

11 Juni

Aoko amerudi na sufuria ya mama yake. Si sufuria ya kawaida. Ni ile ya matanga, ya kupikia umati, mtoto anaweza kukaa ndani. Nilimuuliza alimwambia nini.

"Nilimwambia mchanga umekataa na chuma imeisha. Akaenda ndani akaitoa."

"Bila kusema kitu?"

"Alisema wewe ni mkwe wa kwanza kumwomba mchanga. Wengine wanaombaga samaki." Aoko akanitazama. "Ndivyo alisema hata Pasaka, wakati walicheka. Ulidhani wanakucheka wewe vibaya?"

 Ndivyo nilivyodhani, na niliendelea kudhani masika nzima.

13 Juni

Mvua. Mchanga una unyevu, na chuma kilichoyeyuka kikikutana na maji hulipuka. Hatukumimina.

14 Juni

Mvua. Tumekaanga mchanga kwenye karai, kidogo kidogo, siku nzima. Shitanda hakwenda kanisani, na mke wake amenitumia salamu ambazo sitaziandika.

15 Juni

Tumemimina. Hakuna moshi. Hakuna paka.

20 Juni

Kusugua mpaka vidole vimechubuka. Sabuni haijafura mahali popote. Nimefunga.

21 Juni

Imewaka. Maji yametulia. Niliinamia rejeta mpaka shingo ikauma, nikaona uso wangu tu.

24 Juni

Tumeenda hadi Kombewa na kurudi. Mlima wote imepanda bila kugonga. Mara nane, mabwana. Nilikuwa sahihi tangu mwezi wa nne, ila nilikosea mchanga.

28 Juni

Nina hasira, kwa hivyo nitaandika taratibu.

Jana tulifika Usenge asubuhi, kwa miguu yake yenyewe. Aoko alikaa mbele na Nelima nyuma. Watoto walikimbia nyuma ya gari kuanzia njia panda. Mzee Absalom, ndugu yake marehemu, aliushika mlango wa gari kwa mikono miwili akabaki hivyo kwa muda. Mama Seline alikuwa mbali, mlangoni pa nyumba yake. Nililizima nikasubiri maombi.

Baada ya kula, wazee waliitana chini ya turubai na Dalmas akasimama. Alishukuru Mungu, akanishukuru mimi kwa jina, akasema nimefanya kazi ambayo ingewashinda wazungu wenyewe. Kisha akasema, "Lakini ukweli usemwe. Gari ya baba haiwezi kulala kwa nyumba ya mkwe. Ilipokuwa imekufa, sawa, ilikaa huko kama mgonjwa. Sasa imepona, irudi nyumbani."

Nikasimama. Nikamkumbusha maneno yake ya mwezi wa tatu. Aoko pia akasimama, akasema baba yake alimpa yeye, na mama alikuwepo. Mzee Absalom hakututazama. Alisema binti akishaolewa hagawiwi mali ya boma, na kwamba neno la marehemu lisiloelezwa kwa wazee ni upepo. Wengine wakaitikia kwa vichwa. Shati la maua lilikuwa limekaa kwenye kiti cha nyuma, sasa likiwa na tai. Hapo nikaelewa kwamba halikuwa la vyuma chakavu. Lilikuwa la mnunuzi wa gari zima, linangoja nimalize kazi.

Nilitaka kusema mambo. Aoko alinishika shati kwa nyuma, na akiwa ameshika hivyo ndipo sauti ya mama yake ilipotoka.

Mama Seline alikuwa amekuja hadi ukingoni mwa turubai, amenipa mgongo kama kawaida, anamtazama binti yake tu. Alisema kwa Kijaluo, polepole, na nadhani polepole ile ilikuwa kwa ajili yangu.

"Aoko, ile sufuria yangu kubwa, nilipatia wewe ama nilipatia gari?"

"Ulinipatia mimi, mama."

"Iko wapi?"

"Iko kwa injini. Imekuwa hedi."

"Basi chukua sufuria yako. Gari wazee wamegawa, mimi sina neno. Lakini kwa hii boma, tangu niolewe, hakuna mwanamume amewahi kugawa sufuria."

 Mzee Absalom aliangalia viatu vyake. Vyombo vya jikoni ni vya mwenye jiko, na hilo hakuna mzee wa Usenge wala wa Bungoma anayeweza kulipinga na bado akategemea kupikiwa.

Nilitoa spana. Lakini hedi ya alumini haifunguliwi ikiwa na joto, inapinda, na mimi sikuisugua vile vidole vikachubuka ili niipinde kwa hasira. Kwa hivyo nilifungua boneti, nikaketi juu ya jiwe mbele ya gari, na watu wote wa maombi wakanitazama nikingoja ipoe. Aoko aliniletea chai. Alisema mama yake ndiye aliyeitia sukari.

Ilipopoa nikaanza, bolti za nje kwanza, kisha za katikati. Dalmas alikuja kusimama juu yangu.

"Mwalimu, sasa hii gari itaenda namna gani?"

Nikamwambia, "Si uliitaka na miguu yake? Miguu nimekuachia yote minne."

Niliinyanyua hedi. Nilipita nayo uani nikiwa nimeikumbatia, na nilipofika karibu na mlango wa Mama Seline nikainamisha kichwa kama inavyotakiwa. Nilimwona kwa pembe ya jicho. Alikuwa amegeuka. Alikuwa ananitazama, ananitazama mimi na sufuria yake, na wala hakujificha. Nimebaki na hilo tangu jana, na kila nikifikiria gari nikataka kutukana, nafikiria hilo kwanza.

5 Julai

Mvua imekwisha. Mahali gari lilipokuwa pamebaki mstatili wa udongo mkavu, na Nelima ameshauchora mistari ya mchezo wa kuruka.

Hedi iko mezani. Tunakula tukiizunguka. Leo Aoko ameuliza nitaifungia kwenye nini, na injini ya aina ile haipo nyingine Kisumu nzima. Nimemwambia sijui. Ina mabonde manne, njia za maji zisizovuja, na mbano wa mara nane. Kinachokosekana ni kila kitu kilicho chini yake.

Alipokwisha kutoa vyombo amenisogezea taa na rula. Nimeanza kuchora silinda ya kwanza.